Mihadhara ya historia ya Mombasa: hotelini kwa Kizungu ama barazani kwa lugha yetu?

Mtu wa Kuze
Assalaam alaykum na habari zenu nyote. Hili jambo limenikaa kooni tangu wiki ilopita, mtanisamehe maneno yakiwa mengi. Nilikwenda mhadhara wa historia ya Mombasa, hoteli moja ng'ambo ya daraja (siitaji, sina ugomvi na hoteli), kiingilio mia tano, chai na sambusa mbili ndogo. Mada ilikuwa Mji wa Kale na Ngome (Fort Jesus). Mada nzuri na mhadhiri kasoma kikweli, hilo simnyimi. Lakini mwanzo mpaka mwisho Kizungu kitupu, na mzee mmoja wa kwetu nilokwenda naye, alozaliwa ndani ya huo huo Mji wa Kale unaozungumzwa, amekaa tu kama yuwangoja feri. Wakati wa maswali akanyanyua mkono, akauliza kwa Kiswahili kuhusu Gongwa, mji wa asili, na malkia wake Mwana Mkisi, mbona hawakutajwa na ndio mji wenyewe kabla ya Shehe Mvita, msimamizi akamwambia ngoja mzee tukutafutie mtu wa kukutafsiria. Kutafsiriwa Kiswahili! Mombasa! Mzee akasema basi mwanangu haina haja, akakaa.

Sasa mimi nasema hivi na mnipinge mkitaka. Mhadhara wa historia yetu uje mtaani, uje barazani baada ya Ishaa, Kibokoni, Kuze, Majengo, popote, kahawa tungu na kaimati, maiki moja ya kukodi, na uwe kwa Kiswahili. Na si kwa ajili ya kujifurahisha tu. Barazani msemaji hapumui. Wataje Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa (Thelatha ni matatu, Tisa ni yalobaki), pale harakaharaka useme Wakatwa ni katika Thelatha Taifa uone, kabla hujameza mate mtu ashakukata, la hasha, Thelatha ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, Katwa ni katika Tisa. Kule hotelini ungesema tu wangekupigia makofi, nani ajua? Hio ndo tofauti.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu yangu wa Kuze, kuhusu mzee nakuunga mkono, ile ni aibu. Lakini baraza usilipambe sana. Nimekaa barazani miaka arobaini na uwongo niliousikia pale ungejaza jahazi. Nshamsikia mtu mzima na akili zake akiapa kwamba Ngome ilijengwa na Waarabu, Wareno wakaja wakaipora. Ngome imejengwa na Wareno 1593 mpaka 1596, na aliyeichora ni Mtaliana, Cairati. Waarabu wa Oman waliitwaa baadaye kabisa, 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Ukimwambia yule bwana hivyo yuwakujibu "wewe umesomeshwa na wazungu", mjadala umekwisha hapo.

Na nani barazani angejua kwamba mwaka 1331 misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao, na watu wakila ndizi na samaki? Tunajua kwa sababu Ibn Battuta alipita akaandika. Mambo ya Wareno yameandikwa Kireno, mengi yako Lisbon na Goa ya India. Huyo mhadhiri kayasoma kwa Kizungu, yuwayasema kwa Kizungu, si kiburi, ndivyo alivyoyapata.

Mtu wa Kuze
Maalim heshima yako, lakini hapo sikubali. Kusoma kwa Kizungu si sababu ya kusema kwa Kizungu. Marehemu Sheikh Al-Amin Mazrui kazisoma elimu zake kwa Kiarabu, na mwaka 1932 alipotaka kuwasemesha watu wa mji huu akatoa gazeti la Al-Islah akaandika na Kiswahili ndani. Alikua Kiarabu hakijui?

Halafu uwongo wa barazani naujua, ndio maana nataka msomi aje pale na karatasi zake. Uwongo utaondokaje na mwenye kuujua ukweli yuko hotelini na watalii? Yule mzee wangu pia ana yake. Yeye Ngome anaikumbuka ikiwa jela, maana ilikua jela mpaka 1958, anakumbuka akiwa mtoto akitumwa dukani apite nje ya ule ukuta mbio mbio asigeuke. Hilo haliko Lisbon.

Mwalimu Mstaafu
Haya, twende na mfano mmoja tuone. Yusuf bin Hasan. Wareno walimchukua mdogo wakampeleka Goa, wakambatiza jina Dom Jerónimo, wakamrudisha awe mfalme wa Mombasa. Agosti 1631 akaingia Ngomeni akamuua kapteni, akarudi dini yake, Wareno wa mji wakaisha. Barazani huyu ni shujaa, nukta. Wewe ulisikia barazani mtu akisema kwamba waliouawa hawakuwa Wareno peke yao, walikuwemo na Waafrika walobatizwa, watu wa hapahapa? Mimi sijasikia hata siku moja. Na Wakatoliki wao wawaita mashahidi wa Mombasa.

Mtu wa Kuze
Sijasikia, kweli. Lakini na hotelini je, ulisikia? Mimi siku ile nilisikia "mfalme aliasi" basi, sentensi moja, slaidi nyingine. Hakuna alosema kwamba babake, Sultan Hasan, aliuawa 1614 kwa njama za Wareno na kichwa chake kikapelekwa Goa, na mtoto akapelekwa Goa huko huko kulelewa na hao hao. Ukiyajua hayo mawili, la babake na la wale walobatizwa, huwezi kumuita shujaa ukalala wala muasi ukalala. Hio ndo historia naitaka mimi, na hio yataka usiku mzima na kahawa, si dakika arobaini na projekta.

Historia Haileti Unga
Nyinyi hamna kazi. Unga bei gani saa hii? Mwana Mkisi atatulipia stima?

Mtu wa Kuze
Jina lako lakutosha, sina la kuongeza.

Mama wa Mishomoroni
Nimesoma yote nikacheka kidogo. Mtu wa Kuze mwanangu, wasema baraza ni la watu wote, mimi nna miaka hamsini na nne nimezaliwa Kibokoni sijawahi kukaa barazani hata dakika tano. Nikipita nashusha buibui nageuza uso. Baada ya Ishaa mimi niko jikoni ama naosha vyombo ama nawalaza wajukuu. Hoteli mwaisema vibaya lakini hotelini nilikwenda, nikakaa kiti cha mbele, nikauliza swali, hakuna aloniuliza mume wako ajua uko hapa. Mia tano niliilipa kwa uchungu lakini nilikaa.

Na historia yenu hio ya barazani ni masultani, majahazi, mizinga, nani kamuua nani. Mamangu alikua wa lelemama, ngoma na vyama vya wanawake. Wajua watu wa mji huu waligawanyika vipi zamani kwa lelemama, Ibinaal Watan upande huu na Banu Saada upande ule, mashindano ya nguo, ya nyimbo za kupigana vijembe, ya kupika, mpaka wanaume wanauza vitu vya nyumba wake zao wasiaibike? Wanawake wana vyeo vyao, wana mweka hazina, wachangishana, wazikana. Hilo lisemwe na nani barazani? Na hao walojua nyimbo wanakufa mmoja mmoja, juzi tu tumezika.

Mtu wa Kuze
Mama shikamoo. Umenikamata pabaya na sina jibu la haraka. Nilikua nafikiria tuweke upande wa wanawake...

Mama wa Mishomoroni
Marahaba. Upande wa wanawake ni wa kusikiliza. Mimi nataka wa kusema.

Nimetoka Mikindani
Jamani naomba na mimi niingie ingawa sina taifa lolote katika hayo kumi na mawili haha. Babu yangu alikuja na kazi za bandari, kwetu ni bara, lakini mimi nimezaliwa hapa na babangu kazaliwa hapa, sasa kila nikisikia "historia ya Mombasa" ni Mji wa Kale, milango ya nakshi na Vasco da Gama. Kwani mji ulisimama kule kisiwani? Reli ilianzia hapa 1896 ikafika Kisumu 1901, nani kabeba? Kengeleni watu wapita kila siku na matatu hawajui ile kengele ni ya nini, ni ya Frere Town, wamishonari waliweka watumwa walokombolewa pale miaka ya 1870, wakiona hatari yapigwa. Watoto wa wale wako hadi leo na kanisa lao. Mekatilili wa Wagiriama mwahadithia shuleni kama mtu wa porini na 1913 aliwatikisa Waingereza wasipate vibarua wala kodi, na makaya ya Wamijikenda, ile misitu yao mitakatifu, yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, Ngome iliwafuata 2011, wa pili nyinyi!

Na Januari 1947. Makuli, watu wa reli, wapishi wa wazungu, mpaka wafagiaji, wote waliweka kazi chini mji ukalala karibu siku kumi na mbili. Kila siku wakikutana uwanjani wakapaita Kiwanja cha Maskini. Huko ndo mhadhara! Maelfu ya watu, Kiswahili, Mkamba Mluo Mgiriama Mkikuyu wote, hakuna kiingilio. Kiongozi wao baadaye Chege Kibachia, mwaka huohuo akakamatwa akatupwa Kabarnet. Mimi hii sijaisikia hotelini wala barazani, nimeisoma mwenyewe nikiwa nishamaliza shule.

Mtu wa Kuze
La Kiwanja cha Maskini sikulijua kabisa wallahi. Nashukuru.

Mwalimu Mstaafu
Nami nikiri, nimesomesha historia na hilo la 1947 nililipitia kwa mistari miwili tu, kwa sababu mtihani haukuuliza.

Bendera Nyekundu
Mwazungumza vizuri lakini hamjafika penyewe. Mkiileta mtaani itabidi muizungumze Mwambao, ule ukanda wa pwani wa maili kumi. 1895 Mwingereza kaandikiana na Sultan wa Zanzibar auendeshe ukanda huu, 1961 akaja Robertson, katumwa na Mwingereza, akauliza watu wa hapa watakaje, 1963 mwezi wa Oktoba serikali ya Kenya na ya Zanzibar zikaandikiana, ukanda ukaingia Kenya, mambo yakafungwa. Huwezi ukaweka maiki Majengo ukasema historia halafu ukawanyima watu hilo. Na ukilisema tu wazee wa mtaa watakuja kuuliza kibali kiko wapi. Hotelini lasemwa kwa Kizungu hakuna anostuka.

Mtu wa Kuze
Hapo umesema neno ambalo wengi wanalizunguka. Maoni yangu, na ni yangu peke yangu: lisemwe, na karatasi zisomwe zote mbili, ya 1895 na ya 1963, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Nimeona watu wakigombana juu ya hizo karatasi mpaka wakakosana na hakuna hata mmoja katika wao aloisoma. Mmoja yuwasema ilikua mkataba wa miaka hamsini umekwisha, yuwapi aloiona hio miaka hamsini? Ikisomwa mbele za watu nusu ya kelele itapoa. Nusu nyingine itabaki na ni haki yao. Kibali tutaomba kama waombavyo watu wa harusi wakifunga njia. Lakini si ya kuanzia hio, nakubali, ukianza nayo hutafika ya pili.

Nimetoka Mikindani
Basi tuanze na 1947. Haina ukabila, haina dini, kila mtaa una mtu wake.

Mama wa Mishomoroni
Na isiwe baada ya Ishaa. Jumamosi alasiri. Ua wa nyumba ama ukumbi wa shule, mahali mwanamke aingia bila kuulizwa.

Mwalimu Mstaafu
Mimi nitatafuta yaliyoandikwa nitayageuza Kiswahili, kurasa nne tano, nitayasoma, kisha watu wanikate. Nipeni wiki tatu, macho si yale.

Mtu wa Kuze
Mie nishazoea baraza langu lakini haya, nimeshindwa kwa hoja. Jumamosi alasiri. Kiingilio hakuna, mwenye kaimati alete kaimati. Sasa twataka mtu wa kusema, si wa kusoma. Nani ana mzee wa bandarini?

Nimetoka Mikindani
Walofanya mgomo wenyewe sidhani twawapata tena, mtu alokua na miaka ishirini wakati ule saa hii yuko karibu mia. Watoto wao ndio.

Mpita Njia wa Magongo
Mimi husoma tu hapa siandiki. Nyanya yangu babake alikua kuli bandarini. Wakati wa mgomo alikua mtoto wa miaka saba, asema babake alikua arudi jioni mikono mitupu na amefurahi, mamake hajui acheke ama alie, na kuna wimbo ule walokua wakiimba njiani kutoka uwanjani, aukumbuka. Akili timamu, masikio ndo mazito kidogo. Lakini magoti hayampi ruhusa, gari hapandi, ngazi hapandi, na kwenye ukumbi hatakuja hata mumbebe.

Mama wa Mishomoroni
Kwani nyumbani kwenu kuna ua?

Mpita Njia wa Magongo
Upo, na mwembe. Watu thelathini wanatosha wakikaa mikekani. Lakini nimuulize kwanza, na maiki msije nayo, ataona mwamfanyia kampeni.