Wauza mbege wa Dar, mmeniaibisha mbele ya wakwe

Wakuu, heshima kwenu. Leo salamu ni fupi. Nina hasira tangu Jumamosi, na nisipoitema hapa nitamtemea mtu asiyehusika.

Mimi ni mtu wa Iringa, kwetu Kilolo. Dar nina mwaka wa 11, nimepanga Tabata. Nimepata mchumba, binti wa Kichaga, asili yao Marangu, ila ukoo karibu wote uko hapahapa mjini, kwa hiyo kikao cha mahari kikapangwa Kimara. Orodha ikaja: mbuzi, mablanketi, mashuka, mazagazaga mengine, na mbege lita 40, ile pombe yao ya ndizi na ulezi. Vitu vyote vile nilivihangaikia mwezi mzima. Mbege ndiyo pekee ambayo haikuninyima usingizi. Nikajisemea, Dar hii ikose mbege?

Nikaulizia. Kila mtu ananielekeza sehemu ileile, upande wa Mbezi, kwa mama mmoja anayesifiwa kweli. Nikaenda. Kata za kibuyu zimetundikwa ukutani, migomba mitatu nje, lafudhi ya mlimani kabisa. "Baba, hii imeshuka na basi jana usiku kutoka Moshi." Ndoo mbili za bluu za lita 20, shilingi 80,000. Nikalipa huku nashukuru.

Ndoo nikazishusha mwenyewe kwenye bajaji, shati jeupe likaloa. Mshenga wangu ni mjomba, akakaribisha kwa maneno mazuri, kata ya kwanza ikaenda kwa baba mkubwa wa binti. Akapiga funda moja. Wakuu, moja. Akatulia nalo mdomoni kama mtu aliyesahau kumeza. Akashusha kata, akampa wa kulia kwake bila neno. Naye akaonja, akampa shangazi. Shangazi hakuonja hata. Akachovya vidole viwili, akavisugua kwa dole gumba kama anapima unga, akauliza, "Ulezi uko wapi?"

Sebule nzima ikasikia feni.

"Kijana, hii umeitoa wapi?"

"Mbezi, baba."

"Walikwambia ni nini?"

"Mbege, baba."

"Hii ni maji ya sukari yametiwa hamira. Wape watoto." Akafikiri kidogo. "Hapana, watoto usiwape."

Nikapigwa faini ya kreti mbili za bia, na suala la mahari likasogezwa hadi kikao kingine. Mjomba wangu, mtu aliyeanza kunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kabla hajang'oka meno ya utoto, alikuwa anatazama viatu vyake. Njia nzima kurudi hakunisemesha.

Shangazi yule (Mungu ambariki) alinivuta pembeni akanipa darasa, na ndiyo maana hasira imezidi, kwa sababu sasa najua nilichoibiwa. Ndizi mbivu zinachemshwa saa na saa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa zichache siku kadhaa, zinachujwa. Hiyo inaitwa nyalu. Pembeni kuna ulezi: unaloweka, unaotesha, unaanika, unasaga, unapika uji. Huo ni mso. Ukivichanganya ukaacha vifanye kazi, kesho yake ndiyo unapata mbege. Wapo wanaotia na gome la msesewe ili uchungu ukae sawa. Chini ya kata lazima ubaki ulezi, na ukinywa unausikia kwenye ulimi. Ile yangu ilikuwa nyepesi kama chai ya msibani, povu jingi, tamu ncha ya ulimi halafu inachoma koo, na harufu yake ni ya unga wa maandazi uliosahaulika usiku.

Halafu eti imetoka Moshi na basi! Shangazi alicheka. Mbege iliyokwisha kuchanganywa haisubiri, inazidi kuchacha kila saa. Ukiifunga kwenye dumu na kulipitisha kwenye joto la Korogwe, dumu linavimba kama chura, na ukifika imeshakuwa kali ya kukunja uso. Wanaojua husafirisha nyalu peke yake, mso wanaukoroga hukuhuku Dar. Mie nitajuaje? Mie mtu wa mianzi.

Tena kwenye mianzi ndiyo msiniguse kabisa. Ulanzi hatupiki. Unakata ncha ya mwanzi mchanga, unafunga mbeta ya kukingia maji yake, asubuhi unapita na jioni unapita, kila mara unachonga tena kidogo ili maji yaendelee kutoka. Ukiunywa siku hiyohiyo ni mtogwa, mtamu, hata bibi anapewa. Ukilala unakuwa mkangafu, huo sasa tunza heshima yako. Na ni kitu cha mvua. Mvua zikiisha, mwanzi nao unafunga duka. Sasa mwaka jana Agosti, AGOSTI wakuu, jamaa mmoja hapa mjini akaniuzia chupa ya lita moja na nusu ya "ulanzi fresh wa Iringa". Nikanyamaza, nikanywa, nikajua ni sukari. Ningelipiga kelele siku ile labda leo nisingekuwa na faini.

Mnazi nao hivyohivyo, na huu ni wa hapahapa Pwani, hauna hata kisingizio cha basi. Mgema anapanda asubuhi, anapanda jioni, wa asubuhi mtamu na ukishinda juani jioni unauma. Ukiuacha siku mbili tatu, hiyo ni siki, tia kwenye kachumbari. Lakini kuna vibanda mnazi wake una ladha ileile saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, Jumatatu hadi Jumapili. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maji ningesamehe, wakuu! Maji ni unyoofu kidogo.

Najua anakuja mtu kuniambia "si ungenunua bia tu". Bia nilinunua, kreti mbili, na yenyewe ina kisa chake. Wazee wale wanakunywa Safari ya moto. Nikamwambia dogo wa kaunta, akacheka mpaka akaita wenzake: "Joto lote hili, ya moto ya nini?" Akaniletea za kwenye friji. Baba mkubwa akazipanga dirishani juani, moja moja, kama anaanika dagaa, akasubiri. Mnawacheka watu wa bara kwa bia ya moto, wakati nyie wenyewe mnauziwa hamira mnaita mbege.

Lakini ndugu yangu wa "nunua bia", nikujibu vizuri. Safari ukiinywa Tunduma ni asilimia 5.5, ukiinywa Kariakoo ni 5.5. Konyagi ni 35 popote ulipo. Ina kizibo, ina lebo, una pa kwenda kulalamika. Pombe ya kienyeji haina lebo, lebo yake ni mdomo wa aliyeipika. Nikitaka rubisi kama ya Bukoba, au wanzuki kama wa Tabora, au kimpumu cha Mbeya, naamini neno la mtu tu. Jiji hili limebeba jina la kila pombe ya kila mkoa, pombe zenyewe limeziacha stendi.

Na msiniletee habari za ukabila. Aliyeniuzia na walionikataa wote wanatoka mlima mmoja.

Kikao cha pili ni wiki tatu zijazo. Nahitaji lita 40. Mwenye shangazi, mama mkwe, jirani, yeyote anayepika kwa mkono wake, nyalu ya kweli na mso wa ulezi ulioota, aje PM. Sitaki muuzaji, nataka mpishi. Nitakuja na shangazi wa binti, atachovya vidole kabla sijatoa hela.

Na wewe mama wa Mbezi, kama unasoma, ndoo zako za bluu ninazo. Moja imejaa bado, nimeifunika kwa sahani na inzi hawaigusi. Ukizitaka, njoo na 80,000 yangu.