Bunduki ya upepo kwenye nyumba yenye watoto

Mkazi wa Tengeru: Ndugu zangu, marehemu kaka yangu ameniachia bunduki ya upepo ya milimita 4.5, ile ya kukunja mtutu, na kwa kuwa wajukuu hushinda kwangu likizo nzima, naomba ushauri wa mahali pa kuihifadhi. Kwa sasa iko juu ya kabati.

Fundi, Moshi: Shikamoo mzee, na pole kwa msiba. Juu ya kabati hapafai, kwani mtoto hupanda kiti. Ifungie kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, risasi zikae kwingine, na ufunguo ubaki kwako. Kamwe usiihifadhi ikiwa imekokiwa, yaani springi imebanwa tayari kufyatua, kwa sababu springi hiyo hulegea na mguso mdogo wa kifyatulio unatosha kuifyatua. Suala la kibali, ulizia kituo cha polisi mapema.

Mama wa Sakina: Naongeza la macho, ambalo wengi hulipuuza mno: kirisasi kile hupofusha, tena kikigonga jiwe hurudi kilikotoka. Hata ikiwa tupu, mtutu usielekezwe kwa mtu. Baada ya kushika risasi hizo nawa mikono, maana nyingi ni za madini yenye sumu.

Mkazi wa Tengeru: Marahaba, asanteni sana. Leo hii naishusha, nikague kwanza kama imekokiwa.