Vibao vya watu wa historia kwenye stesheni za reli: nani awekwe wapi?

Kijana wa Nsambya:
Jamani, tangu Februari 2025 Mahakama Kuu iliamuru KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, iondoe majina ya wakoloni barabarani, watu wakashangilia, basi. Lakini ukienda stesheni yoyote ya reli hapa Uganda unakuta jina la mji na rangi iliyobanduka. Mimi nasema kila stesheni iwe na kibao cha mtu mmoja. Jinja apewe Kabalega, Omukama (mfalme) wa Bunyoro, si alifia pale Mpumudde 1923 akirudi kutoka uhamishoni Seychelles, Bunyoro hakufika. Mbale apewe Semei Kakungulu, yule jemadari Mganda wa enzi za Waingereza. Kampala tuwaachie waliojenga reli. Mnaonaje?

Mwana wa Kumi:
Kabalega sawa. Kakungulu?? Ndugu yangu ulikuwa unakunywa nini? Huyo alikuja kwetu Teso na bunduki na machifu wake Baganda, wazee wetu wakachimbishwa barabara bure na kodi juu, leo unataka nishuke kwenye treni nimkute ananitazama ukutani. Tena huyo Kabalega wako, unajua waliomkamata yeye na Kabaka Mwanga wa Buganda kule Lango 1899 ni akina nani? Kakungulu alikuwemo! Sasa aliyekamatwa unampa pole Jinja, aliyemkamata unampa hongera Mbale, hiyo ni akili gani?

Ssalongo M:
Bila Kakungulu Mbale ingekuwa migomba mitupu. Mtu alianzisha mji, akapanga barabara, akapanda mivule, mwishowe Waingereza wakamtupa, naye akawaachia hata dini yao akaanzisha Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, akafa 1928 hawapatani. Mkoloni gani huyo? Na kelele za mashariki nimezichoka, hasa nyie wa Tororo na Malaba ambao ni nusu Wakenya, historia ya Uganda tuachieni wenyewe.

Mtoto wa Landhi:
Nusu Mkenya mimi? Ssalongo, baba wa mapacha, nakuheshimu kwa ajili ya hao mapacha tu. Babu yangu alikuwa gadi wa reli, tumekulia landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Tororo, koti lake lilikuwa na vifungo vya shaba anavisugua kwa majivu na ndimu mpaka unajiona uso, halafu bendera nyekundu na kijani kazikunja kwapani anaenda zake kazini. Pale landhi kulikuwa na Mteso, Mjaluo, Msamia, Mgoa karani, wote Kiswahili kimoja, hakuna anayekuuliza kabila. Hao ndio waliobeba reli hii na sijaona mtu anawataja hapa. Na nikufundishe bure: mpaka 1902 Kisumu yenyewe ilikuwa Uganda, ndiyo maana ikaitwa Reli ya Uganda wakati inaanzia Mombasa. Kwa hiyo kama kuna nusu, wao ndio nusu Waganda.

Boda wa Kawempe:
Hahaha banange, tuko Kisumu tayari

Mzee Nakawa:
Hiyo ya Kisumu iacheni. Amin aliileta 1976, akadai ardhi mpaka karibu na Nairobi, Mzee Kenyatta akakataa katakata, Amin akameza maneno yake. Tulioishi wakati ule hatutaki kurudia.

Jathurwa:
Sisi tuko huku Kisumu tunakula samaki, hamtupati ng'o. Na mji wetu uliwahi kubatizwa Port Florence, jina la mke wa Preston, yule injinia wa reli. Tulilitupa wala hatukwenda mahakamani.

Ssalongo M:
Wewe nani kakualika?

Binti wa Jinja:
Tafadhali turudi kwenye swali. Mmeandika "waliojenga reli" mkapita. Mombasa hadi Kisumu, 1896 mpaka 1901, waliletwa watu kama 32,000 kutoka India, karibu 2,500 wakafia kwenye kazi hiyo. Nitajieni jina la mmoja wao. Mmoja tu. Halafu 1972 Amin akawapa wenzao siku 90 waondoke. Kibao cha kwanza kiwe chao.

Mwana wa Kumi:
Wahindi wana Gandhi pale chanzo cha Nile, waziri mkuu wao alikuja mwenyewe kuzindua sanamu 1997. Inatosha.

Binti wa Jinja:
Gandhi alilaza taruma gani la reli? Yaliyokuja ni majivu yake tu.

Mzee Nakawa:
Binti, nakuunga mkono ila usichanganye. Wengi wa wale wa reli mikataba ilipoisha walirudi kwao, wenye maduka walikuja kivyao. Waliofukuzwa 1972 wengi ni ukoo wa maduka.

Nyabo Chapati:
Mimi nauliza hiki kibao cha shaba kitakaa siku ngapi? Watu wanang'oa mataruma ya chuma usiku wanauza skrapu, nyie mnataka kutundika shaba mahali mkono unafika. Kichoreni kwa rangi. Na pale ninaposhukia mimi mvua ikinyesha abiria wote tunajibana chini ya mwavuli wa muuza rolex, ile chapati ya mayai, hatujui historia ya mtu.

Mzee Nakawa:
Laini ya Kasese ilifika 1956 kwa ajili ya shaba ya mgodi wa Kilembe. Zamani shaba ilipanda treni, siku hizi inashushwa kwenye treni.

Kijana wa Nsambya:
Ndio maana nasema tuamue sasa. SGR, reli mpya ya kisasa, inakuja, Malaba hadi Kampala kilomita 272, mkataba na Waturuki ulisainiwa Oktoba 2024. Stesheni mpya zitahitaji watu.

Boda wa Kawempe:
Zitakuwa na kibao tayari mzee. Kile cha marumaru chenye jina la mgeni rasmi aliyekata utepe. Utaandika Kabalega wapi, chini ya mgeni rasmi?

Ssalongo M:
Ila SGR yenyewe haipiti Mbale, kwa hiyo Kakungulu wenu atulie kwenye reli ya zamani.

Mwana wa Kumi:
Kakungulu WENU? Amekuwa wetu saa ngapi?

Mtoto wa Landhi:
Ssalongo bado hujanijibu. Nusu ipi ndiyo ya Kenya, ya juu au ya chini?