Naomba ushauri: kiwanja cha nyumbani kabla ya mvua, wakati wa mvua na kiangazi

Nyumba ya Kati (mwanzisha uzi)

Habari za humu ndani wakuu.

Nimehamia mtaa mpya pembezoni mwa mji. Nyumba zimepangwa kwenye mteremko na mimi niko katikati: juu yangu kuna majirani, chini yangu kuna wengine. Mbele nina ukoka, pembeni miti michache ya zamani ambayo fundi kwa bahati hakuigusa, nyuma udongo mtupu. Karibu kila nyumba imemwaga zege uwanja mzima, na mke wangu anataka na sisi tumwage ili tuachane na tope.

Mimi nasita. Kwenye kikao cha mtaa mzee mmoja wa nyumba za chini alisimama akasema kila nyumba mpya ikikamilika huku juu, maji yanayoingia sebuleni kwake yanaongezeka. Watu wakatazamana, ajenda ikafuata nyingine.

Sitaki somo la mazingira la darasani. Nataka kujua nifanye nini kabla ya mvua, mvua zikianza, na kiangazi kikikolea, ili kiwanja changu kisiwe kero kwetu wala kwa walio chini. Hali ya hewa inatofautiana, najua, ila wengi tuna kipindi cha mvua na kipindi cha ukavu.

Nawasilisha.

Kichwa Ngumu

Mwaga zege mkuu, ulale. Tope likiingia mpaka chumbani mkeo hatakuuliza habari za mazingira.

Fundi Mabomba

Mkuu, huyo hapo juu mpite tu.

Mzee wa chini kasema kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua nyumba yenye paa la mita za mraba 120 (pima eneo ambalo paa linafunika pale chini, usipime mteremko wa bati). Mvua ya milimita 25, ambayo wala si ya kutisha, inakupa lita 3,000. Hapo ni paa peke yake. Ukimwaga zege uwanja mzima, uwanja nao unakuwa paa la pili lisilo na gata. Maji ambayo ardhi ingeyanywa taratibu yanamfikia mzee wa watu yote kwa mkupuo.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mwaka ifanye kiangazi kinapoelekea ukingoni. Mvua zikishaanza utabaki kukimbizana na maji.

Anza na gata. Panda, zoa majani, kisha mwaga ndoo ya maji kwenye ncha ya juu uangalie: yanakimbia kwenye bomba la kushushia, au yanatuama katikati? Yakituama, vishikio vimelegea na gata limebonyea. Usipoliona leo, utaliona ukuta ukianza kutoa chumvi na rangi kubanduka.

Halafu gawa paa. Nusu iende kwenye tanki. Maji ya kwanza baada ya ukavu mrefu usiyaingize, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Weka pipa dogo, au bomba nene lililosimama wima, kabla ya tanki: likijaa, maji yanayofuata ndiyo yanapita kwenda tankini. Kadiria nusu lita hadi lita moja ya kutupa kwa kila mita ya mraba ya paa. Mvua ikikatika, fungua kizibo cha chini umwage, la sivyo mvua ijayo litakuwa limejaa na halina kazi.

Nusu ya pili ielekeze kwenye bonde la kunyonya. Hili ni shimo pana lisilo na kina kirefu, linalopandwa mimea. Nusu paa lako ni mita za mraba 60, na mvua ile ile ya milimita 25 inaleta lita 1,500. Bonde la mita za mraba 10 lenye kina cha sentimita 15 linazimeza zote. Liwe angalau mita 3 kutoka ukuta wa nyumba, na mbali na karo la maji taka. Kitako chake kiwe bapa; weka ubao mrefu na pima maji juu yake, macho yanadanganya kwenye mteremko. Udongo uliotoa ujaze upande wa chini uwe tuta, ushindilie, kisha acha mdomo mmoja uliopangwa mawe kwa ajili ya mvua kubwa. Mdomo utazame mtaro wa mtaa. Usitazame ukuta wa jirani.

Kabla hujashika sururu pima udongo wako. Chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yaache yazame. Jaza tena, simamisha rula, angalia yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka sentimita moja na robo au zaidi, endelea. Yakigoma, jaribu pengine uwanjani.

Nyumba ya Kati

Mkuu Fundi umenifungua macho. Sasa zege nimwambieje mama watoto?

Fundi Mabomba

Hoja yake ni tope, na ni hoja ya haki. Mpe njia kavu kutoka getini hadi mlangoni: pevingi zilizolazwa juu ya mchanga na kokoto, bila saruji kwenye maungio, maji yanapita katikati. Gari nalo lina matairi pande mbili tu. Mwaga mistari miwili ya zege upana wa tairi na nafasi kidogo, katikati acha ukoka.

Ukiosha gari, lioshee kwenye ukoka huo. Sabuni na mafuta vitachujwa na udongo badala ya kwenda moja kwa moja mtaroni. Oili chafu ndiyo usiimwage popote, wala kwenye udongo wala mtaroni. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, uipeleke wanakopokea.

Kiberiti

Mimi naongeza: zoa majani makavu yote uchome kabla ya mvua. Uwanja unabaki msafi, majivu yanakwenda kwenye maua, moshi unafukuza mbu. Wazee wetu walifanya hivyo na hatukufa.

Bibi Shamba

Kiberiti mwanangu, wazee wako hawakuwa na mifuko ya plastiki ndani ya takataka zao, wala hawakujenga ukuta kwa ukuta. Moshi wa majani una chembe ndogo mno zinazoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na mwenye pumu wa nyumba ya tatu ndiye anayelipa. Plastiki ikichanganyika humo ndiyo sumu zaidi. Na hayo majivu unayoyasifia, naitrojeni yake karibu yote imeondoka na moshi. Umebakiwa na potasi na chokaa kidogo.

Majani makavu ni mali. Kwa mwanzisha uzi, gawa mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni matandazo. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10 chini ya miti na kwenye ule udongo mtupu wa nyuma, kabla matone ya kwanza hayajaupiga. Mvua za mwanzo ndizo zinazobeba udongo mwingi, kwa sababu zinakuta ardhi iko uchi. Shina la mti liache wazi kiasi cha kiganja, likifunikwa linaoza gome. Ukuta wa nyumba nao uache nafasi ya sentimita 30, mchwa wasipate daraja.

Fungu la pili ni mboji. Makavu sehemu mbili au tatu, mabichi sehemu moja: maganda ya mboga na matunda, majani mabichi yaliyokatwa. Nyama na mafuta hapana, utaita panya. Lundo liwe karibu mita moja kila upande, ndipo linashika joto. Likifanya kazi vizuri katikati linafika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, chomeka fimbo ya chuma, iache kidogo, uitoe uishike. Chukua konzi moja uikamue: tone moja au mawili yakitoka, unyevu unatosha. Mkono ukilowa, ongeza makavu. Likinuka kama choo, mabichi yamezidi. Likinuka yai viza, halina hewa, ligeuze. Mvua zikikolea lifunike kwa turubai, vinginevyo rutuba yote itachuruzika nayo ikamtembelee mzee wa chini.

Kiberiti

Haya bibi, nimesalimu amri kwenye plastiki. Kwenye majani nitafikiria.

Mama Watatu

Mmeongea yote, mbu mmewasahau. Bonde la maji uwanjani si ndiyo kuwafugia?

Fundi Mabomba

Dada, swali zuri. Mbu kwenye joto anahitaji kama wiki moja hadi siku kumi kutoka yai mpaka kuruka. Bonde lililopimwa vizuri linakauka ndani ya siku moja au mbili, viluwiluwi hawawahi. Kama lako linakaa na maji siku tatu, hilo ni bwawa, rudi kwenye kile kishimo cha kupimia.

Mama Watatu

Sawa, hapo nimekuelewa. Basi niongeze la kwangu, maana wengi wanadhani kumwaga maji kunatosha. Mbu wa Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana na kueneza dengi, anabandika mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Ukimwaga maji ukaacha ndoo ikauka, mayai yanasubiri kwa miezi. Mvua ikirudi yanaanguliwa. Kwa hiyo kila wiki zungukia visahani vya maua, matairi, ndoo, chombo cha maji cha kuku au mbwa, na usugue kuta kwa brashi. Mimi watoto wangu nimewagawia maeneo, wanashindana kutafuta viluwiluwi, na hakuna mkaguzi mkali kama mtoto.

Kichwa Ngumu

Na karo je? Langu linajaa kila masika, huwa naita gari la kunyonya katikati ya mvua.

Fundi Mabomba

Hapo ndugu yangu unacheza na hatari. Ardhi ikiwa imeshiba maji halafu ukaondoa uzito wote ndani ya karo, maji ya chini yanaweza kulinyanyua likapasua mabomba, hasa yale ya plastiki. Nyonya wakati wa ukavu. Kwa familia ya kawaida ni kila miaka 3 hadi 5, inategemea ukubwa wa karo na watu. Kama linajaa kila masika, kuna uwezekano maji ya paa au ya uwanjani yanaingia humo. Angalia mfuniko, na angalia bomba la gata linaishia wapi.

Kichwa Ngumu

Gata linaishia pale pale karibu na mfuniko. Nimenyamaza.

Mpangaji

Sisi tusio na kibali cha kuchimba hata kishimo tufanyeje?

Bibi Shamba

Sugua vyombo, ziba bomba linalovuja, omba mwenye nyumba ruhusa ya lundo la mboji nyuma. Likishamfaa kwenye maua yake hatakataa tena.

Nyumba ya Kati

Nimepima kishimo mkuu Fundi. Nyuma maji yanashuka sentimita moja na nusu kwa saa, mbele karibu na geti hayasogei kabisa. Na mbolea ya ukoka niweke lini? Muuzaji kaniambia niweke mvua ikikaribia ili iyeyuke vizuri.

Fundi Mabomba

Nyuma ndiko bonde liliko basi. Sentimita 15 zitakauka kwa saa kumi hivi. Mbele pale magari ya ujenzi yalishindilia. Mwachie bibi akushauri.

Bibi Shamba

Mbele toboa toboa kwa uma wa bustani, tandaza mboji nyembamba, mizizi na minyoo watafanya mengine. Ni kazi ya misimu, haiishi mara moja.

Huyo muuzaji anauza, haoteshi ukoka. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mbolea mpya, sehemu kubwa inaondoka, na inakoishia kwenye mto au bwawa mwani unaota, unapooza unamaliza oksijeni, samaki wanakufa. Kama ni lazima uweke, weka kidogo mvua kubwa zikishapita, udongo ukiwa na unyevu. Ila ukiacha majani unayokata yabaki pale pale, ukoka unajilisha kwa kiasi kizuri. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo.

Mvua zinapoisha usikae. Udongo bado laini, ndiyo wakati wa kung'oa magugu na mizizi yake kabla hayajatoa mbegu. Lantana itafute hasa. Maua yake yanapendeza na watu wanaipanda iwe ua, lakini ndege wanakula vitunda vyake na kusambaza mbegu hadi msituni. Mwenye kidimbwi cha mapambo asiweke gugu maji, mvua kubwa moja inatosha kulitorosha.

Kiangazi mwagilia mara chache lakini kwa kina, alfajiri. Kunyunyizia kila siku juu juu kunafundisha mizizi kukaa juu, na jua linaichoma. Ukoka ukigeuka kahawia mara nyingi umelala tu, usiusumbue. Kabla ya kupogoa mti chungulia kwanza kama kuna kiota chenye mayai au makinda. Kama kipo, subiri waruke.

Nyumba ya Kati

Shukrani sana bibi, fundi, dada Mama Watatu. Mke wangu kasoma uzi wote, mistari miwili ya gari kaikubali kwa sharti njia ya pevingi ianze kwanza. Nimemtafuta na mzee wa chini, Jumamosi tunazibua mtaro pamoja kuanzia nyumba ya juu kabisa. Nyumba mbili bado hazijajibu.

Swali la mwisho: tanki nimelifunga mfuniko na njia ya kuingilia nimeweka wavu. Limeshakaa sawa?

Mama Watatu

Bomba la kufurikia je? Mbu anaingilia hapo. Weka wavu mdomoni na uufunge kwa waya, na maji yanayomwagika yaelekeze kwenye bonde.