Mrejesho: salvia zangu na baridi ya Uingereza

Wakuu, habari za siku. Oktoba niliuliza kama nizikate salvia zangu (mimea ya maua ya bustani) hapa Leicester kabla ya baridi au niziache. Wengi mlisema niache matawi mpaka majira ya kuchipua, maana yanalikinga shina. Nikafuata.

Aina ya 'Hot Lips' haikusumbua. Ilikaa nje bila kufunikwa, jalidi ikaunguza ncha tu. Aprili nikapunguza matawi makavu, na sasa imejaa maua mekundu na meupe.

Iliyonipa presha ni 'Amistad', ile ya zambarau kutoka Argentina. Ndugu aliyesema nihofie maji kutuama kwenye mizizi kuliko baridi yenyewe, heshima kwako. Niliyopanda kwenye udongo wa mfinyanzi imeoza kabisa. Ya kwenye tuta lenye kokoto, niliyoitandikia majani makavu kwa wingi, imechipua, ingawa mpaka katikati ya Mei ilionekana kuni tupu na mke wangu alishaitafutia jembe! Vipandikizi, yaani vijitawi nilivyokata Agosti ili viote mizizi, navyo vipo salama. Vilikaa dirishani kwenye chumba kisicho na hita, maji kidogo mno.

Salvia patens ina mizizi minene kama viazi, kwa hiyo niliichimba na kuihifadhi kwenye mchanga mkavu gereji. Imeota.

Imebaki Salvia elegans, yenye majani yanayonukia nanasi. Huku inachelewa kuchanua, jalidi inaiwahi maua. Mwenye mbinu ya kuiwahisha anisaidie.