Kikapu na mbio kwa kiti mwendo: Jean Driscoll aliwezaje, na hapa Dodoma tuanzie wapi?

Mwalimu_Ihumwa
Salaam wakuu. Kuna binti, mwanafunzi wa kidato cha pili, kazaliwa na mgongo wazi, anacheza kikapu cha viti mwendo. Kasoma habari za Jean Driscoll, yule Mmarekani aliyecheza kikapu na kukimbia marathoni kwa kiti mwendo, sasa anataka na mbio. Shule imepewa kiti cha mbio kilichotumika, cha magurudumu matatu. Fremu nzima, ila kinasukumika kwa shida kama kimefungwa breki. Driscoll alichanganyaje michezo miwili? Kiti kirekebishweje? Na kwa mbigili za huku, afanyie wapi mazoezi?

Kumbukumbu_za_Riadha
Mwalimu, ukimtaja Driscoll umtaje na Sharon Hedrick, maana ndiye aliyefungua njia. Hedrick ni mwanamke wa kwanza kushinda marathoni ya Boston kwa kiti mwendo, 1977. Olimpiki ya Los Angeles 1984 ilipoweka mita 800 za viti kama mbio za maonyesho, alishinda, na Seoul 1988 akarudia. Mwaka huohuo alikuwa kwenye timu ya Marekani iliyochukua dhahabu ya kikapu cha wanawake katika Paralimpiki.

Mumewe, Brad Hedrick, alikuwa kocha wa kikapu Chuo Kikuu cha Illinois, na ndiye aliyemwita Driscoll chuoni. Driscoll alizaliwa Milwaukee 1966 na mgongo wazi kama huyo binti. Alikuwa akitembea, kwa shida, mpaka alipoanguka na baiskeli na nyonga ikachomoka. Kiti alianza kukitumia akiwa na miaka 15. Illinois walibeba ubingwa wa taifa wa kikapu cha wanawake 1990 na 1991, yeye akiwemo, na 1990 hiyohiyo akashinda Boston kwa 1:43:17. Alishinda mara saba mfululizo mpaka 1996, ya nane 2000. Muda wake bora pale ni 1:34:22 wa mwaka 1994.

Mimi ningemfundisha binti Boston ya 1997 kuliko zile saba. Gurudumu liliingia kwenye reli za tramu zikiwa zimebaki kilomita chache, kiti kikapinduka, tairi likapata pancha. Louise Sauvage wa Australia akapita, na Driscoll akajikokota mpaka nafasi ya pili.

Fundi_Spoki
Kiti kizito namna hiyo, angalia alaimenti, yaani magurudumu yanavyotazama, kabla ya kununua kitu chochote. Kwanza inua kila gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Likikwaruza, ni beringi. Likizunguka vizuri hewani halafu kiti kigome chini, magurudumu ya nyuma hayatazami mbele sawasawa.

Kiweke kwenye sakafu bapa ya saruji, mwanafunzi akiwa amekaa ndani, kwa sababu uzito wake unakunja fremu kidogo. Pima umbali kati ya tairi mbili za nyuma kwa mbele, kwenye kimo cha ekseli, kisha pima kwa nyuma kwenye kimo hichohicho. Tofauti isizidi milimita 2. Ikizidi, legeza vibano vya bomba la ekseli, lizungushe kidogo sana, kaza, pima tena. Chanzo mara nyingi ni mtu kubadilisha tairi la mbele akaweka la kimo kingine. Pua ya kiti ikipanda au kushuka, bomba la ekseli linazunguka nalo, na kwa kuwa magurudumu yamelala kidogo kuelekea ndani kwa juu, yanageuka kuelekea ndani au nje.

Halafu mkao. Akilaza kifua magotini, mikono ifike chini kabisa ya ringi ya kusukumia. Nyonga zisichezecheze, jaza pembeni kwa sponji ngumu.

Jamaa_wa_Makole
Kwa nini asianze na kiti chake cha kikapu tu? Au ile baiskeli ya kuzungusha kwa mikono?

Fundi_Spoki
Cha kikapu kinafaa kwa mita 100 za kujifunzia. Kikishika kasi, vigurudumu vya mbele vinatetemeka na kinaweza kumwaga mtu. Ya kuzungusha kwa mikono ni mchezo mwingine. Sheria za mbio za viti zinakataza gia na wenzo wa kusukumia kiti, mikono isukume ringi moja kwa moja. Na kofia ngumu ni lazima kuanzia mita 800.

Mbigili: msimpitishe vichochoroni wala pembeni ya lami, ndiko zinakolala. Kiti kibebwe mpaka uwanjani. Kabla ya kuanza, pitisha kitambaa kinene juu ya tairi huku ukilizungusha polepole. Mwiba mwingi unatoka kabla haujafika kwenye tyubu. Uwanja wa saruji wa kikapu unatosha kwa miezi ya mwanzo. Barabara kuu ya Morogoro, hapana.

Mtaalamu_wa_Viungo
Naongeza upande wa mwili. Watu wenye mgongo wazi wengi wana mzio wa mpira wa asili, kwa hiyo glavu na sponji viulizwe kwa daktari kwanza. Kama ana mrija wa kupunguza maji kichwani, daktari aseme pia kuhusu kuinama muda mrefu.

Kiti cha mbio hukaliwa kwa kupiga magoti, naye huenda hasikii maumivu miguuni. Aanze dakika 10, atolewe, zikaguliwe goti, muundi na kifundo. Wekundu usiotoweka ndani ya nusu saa ni mwanzo wa kidonda: hakai tena mpaka uishe, na mlipoona alama hapo pafungwe sponji.

Kikapu na mbio vyote vinasukuma mbele, bega linachoka upande mmoja. Kila baada ya mazoezi avute ukanda wa mpira unaovutika kuelekea kifuani, mara 15 kwa seti tatu. Kama ana mzio, atumie usio wa mpira wa asili. Kikapu na mbio visiwe siku moja mpaka azoee. Na jua la Dodoma la saa saba mchana halimfai mtu yeyote, afanye saa kumi na mbili asubuhi.

Mwalimu_Ihumwa
Nimepima sasa hivi: mbele sentimita 81.5, nyuma 83.

Fundi_Spoki
Milimita 15! Ndiyo breki yako hiyo. Legeza vibano vyote viwili kwa pamoja, usianze na kimoja.