MREJESHO: Dada yangu na mapigo ya moyo kwenda mbio

Wakuu, niliuliza kuhusu dada yangu, miaka 43, ambaye moyo ulikuwa unamwenda mbio ghafla hata akiwa amekaa tu. Wengi mlisema presha au mawazo. Nawashukuru sana mliosisitiza apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti).

Eko imeonyesha tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Amezaliwa nalo! Daktari alituonyesha kwenye skrini damu ikivuka kutoka kushoto kwenda kulia. Miaka yote hiyo chumba cha kulia kimebeba damu ya ziada, kikatanuka, na misuli iliyovutika hivyo huvuruga umeme wa moyo. Ndiyo maana ECG yake haina mpangilio.

Ameanzishiwa dawa ya kupunguza kasi ya mapigo na ya kuzuia damu kuganda, maana bonge likitoka moyoni likafika kwenye ubongo ni kiharusi. Hizi dozi asiruke hata siku moja. Tundu litazibwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Ila kwa umri wake, tumeambiwa wazi, mapigo yanaweza kuendelea kusumbua hata baada ya kuziba.

Kuna mwenye ndugu aliyezibwa ukubwani? Mapigo yalitulia?